Alama Sita Zilizopotelea Kulia

Asilimia 53.91. Niliiangalia namba hiyo kwenye ubao wa matokeo ya mashindano ya kupanda farasi, nikaikunja karatasi ya alama za jaji mara nne, nikaisokomeza ndani ya buti. Ilikaa humo wiki tatu. Kisa chote ninachokieleza hapa kilikuwa kimeandikwa juu yake mstari kwa mstari, na mimi mhasibu mzima nilikuwa nimesoma jumla ya chini tu.

Farasi anaitwa Shaba, kwa sababu ya rangi yake. Amehasiwa, na mama yake ni wa damu ya mbio. Alivuka mpaka wa Malaba ndani ya lori kutoka Gilgil akiwa na miaka 3, na katika lori hilo hilo alikuja Mzee, saisi aliyemlea tangu aachishwe ziwa. Mimi ni mzaliwa wa Busia, ng'ambo hii ya Uganda, ambako mtoto hujua kununua chumvi kwa Kiswahili kabla ya kujua nchi yake inaishia kwenye mfereji gani. Ndiyo lugha yetu mimi na Mzee, na nadhani ndiyo lugha ya Shaba pia, maana kila alichofundishwa alifundishwa kwayo. Nafanya kazi mjini Kampala, na Shaba anaishi upande wa ziwani, njia ya Ggaba. Sijawahi kulipwa hata shilingi moja kwa kupanda farasi. Nalipa mimi.

Farasi ni wachache Uganda, na sababu si umaskini peke yake. Mbung'o wamewaua farasi katika sehemu hizi kwa vizazi vingi, ndiyo maana hapakuwahi kuwa na ufalme wa wapanda farasi kandokando ya ziwa hili. Hata neno lenyewe liliingia na wageni: Kiganda kinasema embalaasi, na masikio ya Mswahili yanaisikia farasi humo ndani bila kuelezwa. Tukipita barabarani watoto wanatukimbilia wakiliita jina hilo kwa sauti moja. Shaba alizoea baada ya mwezi.

Asichozoea mtu ni ratiba. Mwenye kazi ya ofisini angependa kupanda alfajiri au jioni. Lakini usubi, wale wadudu wadogo wanaobeba ugonjwa wa farasi wa Afrika, huuma zaidi kati ya magharibi na mapambazuko, na ugonjwa wenyewe unaweza kummaliza farasi kwa siku chache. Kwa hiyo Shaba hufungiwa bandani kabla ya jua kuzama na hatoki hadi limechomoza vizuri. Napanda saa moja na robo asubuhi, nashuka saa mbili kasorobo, naoga kwa ndoo, naingia kwenye foleni ya magari. Nusu saa inamtosha. Mifupa ya uti wa mgongo wa farasi haimalizi kukomaa hadi karibu miaka 5 au 6, na Shaba wakati huo alikuwa na miaka 4 na nusu.

Kwa asiyejua dresaji: ni kumpanda farasi peke yako ndani ya uwanja, wetu mita 20 kwa 40, ukifuata mpangilio uliowekwa. Pembeni kuna herufi. Unaingia kwa A, unasimama katikati panapoitwa X, unamsalimu jaji aliyekaa nyuma ya C, kisha unaanza: duara la mita 20 hapa, mpito kule, kubadili upande, kumwachia farasi anyooshe shingo. Kila kipengele kinapewa alama kuanzia 0 hadi 10, vingine vikizidishwa mara mbili. Tano ni ya kupita kwa shida, sita ya kuridhisha, saba unapigia simu nyumbani. Hakuna kuruka viunzi wala kushindana mbio. Kinachotazamwa ni kama farasi anatembea kwa mapigo sawa, amelegea mwili, ameipokea hatamu bila kuning'inia wala kuikimbia.

Mienendo ya farasi ni mitatu, na bandani tunaiita pole, yaani kutembea, troti, yaani kukimbia kidogo kwa mapigo mawili, na kanta, yaani mbio nyepesi. Kamusi za Kiswahili zina neno lake zuri la troti, nalo ni matiti. Nililitumia siku moja mbele ya vijana wa kusafisha mabanda. Tangu siku hiyo nasema troti. Na tukisema farasi yuko mkono wa kulia, maana yake anazunguka akielekea kulia, hatamu ya kulia ikiwa ndani ya duara.

Mashindano yalikuwa madogo, ya zizi jirani, ngazi ya mwanzo kabisa. Tulimsafirisha Shaba kwa lori la ng'ombe lililotandikwa maranda. Alishuka vizuri, akala, akanywa. Tukaingia kwa A tukiwa tumenyooka, na kwa mkono wa kushoto nusu nzima ya kwanza ilikwenda kama tulivyofanya nyumbani.

Kisha tukabadili mkono. Kwenye kona kati ya C na M, juu ya ukuta, palikuwa na kaloli. Anayeijua Kampala anamjua kaloli: korongo mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, anayesimama juu ya jalala kama karani aliyestaafu. Shaba akarusha kichwa. Nikamshika. Akakiinamisha kichwa upande, pua ikaelekea nje, akainua shingo kuikwepa hatamu, na nilipomwomba kanta ya kulia akapiga hatua sita za troti ya kukurupuka ndipo akaingia, tena kwa mguu usio wake, akitanguliza wa nje badala ya wa ndani ya duara. Nikachanganyikiwa nikageuka mahali pasipostahili, kengele ikalia. Kukosea njia mara ya kwanza ni alama 2 kukatwa. Jumla ikawa 124 kati ya 230.

Jioni ile kila mtu alikuwa na kaloli mdomoni. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Yaliyofuata katika wiki tatu zile nayaandika kwa ufupi kwa sababu yananiaibisha. Nilifanya anachofanya mpandaji wa ridhaa aliyeona namba asiyoipenda: nilizidisha. Kama kulia ni kubaya, basi tufanye kulia zaidi. Nilikaza mkanda wa pua matundu mawili, ingawa nilifundishwa kwamba vidole viwili sharti viingie kati ya mkanda na mfupa. Niliazima lijamu, kile chuma cha mdomoni, iliyo kali zaidi. Siku ya Alhamisi ya wiki ya tatu Shaba alisimama katikati ya duara la kulia, akaanza kurudi nyuma, akarudi, akarudi, hadi matako yake yakavunja ubao wa ua. Nikateremka nikitetemeka. Nikasema maneno ambayo huwa tunawasemea farasi wachanga: ana kiburi, ananijaribu, amejua mimi si fundi.

Mzee alikuwa ameshika ubao uliovunjika. Akasema, "Mama, huyu kiburi hana. Kiburi hakichagui upande."

Kisha akauliza, "Ile karatasi ya jaji iko wapi?"

Ilikuwa bado ndani ya buti la pili, imelainika kama noti ya elfu moja. Mzee hasomi Kiingereza. Akachota konzi ya mahindi kwenye gunia, akachuchumaa sakafuni, akaniambia nimsomee vile vitu ambavyo farasi alivifanya kushoto na kulia vyote viwili, vingine niviache. Vilikuwa vinne. Duara la troti: kushoto 6.5, kulia 5. Kuingia kanta: 6 na 4.5. Duara la kanta: 6 na 4. Kubadili mwelekeo kwenye troti: 6 na 5. Kwa kila alama aliweka punje, fungu la kushoto na fungu la kulia. Kwa zile nusu aliivunja punje moja kwa jino, kipande huku, kipande kule. Alipomaliza, fungu la kushoto lilikuwa na punje 24 na nusu, la kulia 18 na nusu. Akazitenga zile za ziada kwa kidole: sita.

"Haya, na maandishi yanasemaje hapo penye nne?"

Nikamtafsiria. Jaji alikuwa ameandika kwamba farasi anainamisha kichwa na kuukataa mkono wa kulia. Mahali pengine: anakataa mkono, kulia tena. Kwenye mistari ya kushoto hakuna neno la namna hiyo. Na ile kona ya kaloli tulikuwa tumeipita pia tukiwa mkono wa kushoto, tukapata 6.5.

Hapo kuna hoja ambayo mpanda farasi mzoefu angeitoa, nami niliitoa: farasi huona kila ubavu kwa jicho lake, kitu asichokiogopa kwa jicho hili anaweza kukistukia kwa lile. Ni kweli. Ila nyumbani hatuna kaloli kwenye ua, na nyumbani alikuwa akifanya vile vile. Mzee hakujisumbua kubishana. Alisema kesho nisipande.

Tulichofanya siku nne zilizofuata ndicho kiini cha uchambuzi huu, na kwa nionavyo kinafaa zizi lolote lisilo na daktari wa farasi jirani. Kila siku tuliongeza kitu kimoja tu.

Siku ya kwanza Shaba alikwenda kwenye kamba ndefu akiwa na mkanda wa kichwani usio na chuma, mgongo mtupu, kushoto dakika kumi na kulia dakika kumi. Sawa kabisa. Kanta ya kulia aliingia kwa mguu wake bila kuulizwa mara mbili. Tukampeleka pia kwenye murram ngumu ya njia ya kuingilia, Mzee akikimbia naye kwa troti huku mimi nimefumba macho nasikiliza kwato: ta-ta, ta-ta, mapigo mawili yanayolingana. Mguu unaouma ungesikika hapo. Siku ya pili tukaongeza seruji, yaani tandiko la mgongoni, na kukaza mkanda wa tumboni. Farasi mchanga hubadilika umbo kila miezi michache, na seruji iliyomkaa Januari huweza kumbana Mei, kwa hiyo nilitegemea tatizo liwe hapo. Halikuwapo. Siku ya tatu tukamtia lijamu, yangu ya zamani, lakini kamba tukaifunga kwenye mkanda wa kichwani ili chuma kisivutwe na mtu. Akaanza kutafuna. Mara tatu alitikisa kichwa. Siku ya nne tulitoa lijamu, tukafunga kamba mbili za pamba kwenye ule mkanda wa kichwani zikawa hatamu, nami nikapanda.

Duara la kulia. Troti. Shingo ikashuka. Nikamwomba kanta pale pale alipovunja ubao, akainuka kama pazia linavyoinuliwa na upepo, akazunguka duara lote, masikio mbele. Sikuwa na uwezo wa kumsimamisha vizuri, nakiri, na nisingemshauri mtu afanye hivyo nje ya ua uliofungwa. Lakini swali lilikuwa limejibiwa. Mguu, mgongo, seruji, hata mimi niliyekaa juu, vyote vilikuwepo na kulia kulikuwa kuzuri. Kilichokosekana ni chuma mdomoni.

Ndipo Mzee akaniambia kitu ambacho alidhani nakijua. Kwa mwezi mzima alikuwa akiokota ndani ya banda vifurushi vya majani yaliyotafunwa nusu na kutemwa, ukubwa wa kidole gumba. Alifikiri tumebadilisha nyasi.

Daktari aliyekuja amezeeka katika ng'ombe wa Ankole, na aliniambia hivyo mwenyewe kabla hajafungua mkoba. Ng'ombe hana meno ya mbele kwenye taya ya juu, na hakuna anayemtia chuma mdomoni. Nilimheshimu kwa kuanzia hapo. Alichukua damu kwanza, kwa sababu katika nchi hii farasi anayeshindwa kazi hupimwa malale na homa ya kupe kabla ya kuitwa mvivu. Majibu yakaja safi. Kisha akampa dawa ya kutuliza, akamwekea kile chuma cha kuachamisha kinywa, akavaa taa kichwani, akaingiza mkono.

Mambo mawili yalikuwa humo, yote upande wa kulia. La kwanza ni gego la utoto lililokataa kudondoka. Farasi hubadilisha meno kwa awamu: ya mbele ya katikati karibu na miaka 2 na nusu, yanayofuata 3 na nusu, ya pembeni 4 na nusu; na magego yake ya utoto hutoka kati ya miaka 2 na nusu na 4. La mwisho la Shaba lilikuwa limechelewa, limebaki kama kofia juu ya jino jipya, ukingo mmoja umelegea na unachoma ufizi. Lilitoka kwa koleo kwa muda wa kupiga chafya. Hilo ndilo lililoeleza majani yaliyotemwa.

La pili lilihitaji kidole. Mbele ya magego, pale pale lijamu inapopita, baadhi ya farasi wana kijino cha ziada kisicho na kazi. Wengi wao kinaonekana, na mara nyingi hakisumbui. Cha Shaba hakikuwa kimechomoza. Kilikuwa kimelala chini ya ufizi. Daktari alikichukua kidole changu akakiweka hapo: uvimbe mgumu, ukubwa wa punje ya dengu. Nilipobonyeza kidogo, Shaba, aliyekuwa amelala nusu kwa dawa, alivuta kichwa chote kushoto na kukiinamisha. Mwinamo ule ule alioandika jaji.

Kila nilipovuta hatamu ya kulia nilikuwa nausukuma ufizi juu ya punje ile. Mkanda wa pua nilioukaza ulikuwa umemfungia nje njia pekee ya kuukwepa.

Kijino kilitolewa siku hiyo hiyo. Daktari pia alitazama pipa la chakula akatikisa kichwa: pumba za mahindi kwa wingi, na majani ya tembo. Pumba zina fosforasi nyingi mno kuliko kalsiamu, na farasi anayejengwa mifupa kwa chakula hicho hujilipa kwa kuchota kalsiamu mifupani mwake. Haikuwa sababu ya kisa chetu. Tulipunguza pumba, tukaongeza chokaa ya mifugo na nyasi nyingine.

Wiki tatu Shaba hakuona chuma. Tulimtembeza njiani, Mzee mbele na kamba, mimi juu, mpaka kwenye vibanda vya rolex, zile chapati zilizoviringishiwa mayai, na kurudi. Ufizi ulipofunga tukarudisha lijamu nyembamba ya kawaida, mkanda wa pua vidole viwili.

Ningependa kuandika kwamba siku ya kwanza alikwenda kulia kama alivyokwenda kwa kamba za pamba. Hakwenda. Aliingia kanta, ndiyo, lakini sekunde moja kabla ya kona alikuwa anakaza taya, akingoja. Nikasema ni kumbukumbu ya maumivu. Mwalimu wangu yuko Nairobi, hunifundisha kwa video ninazomtumia kwa simu. Alitazama dakika mbili akanijibu kwa ujumbe wa sauti wenye sentensi moja: nyamazisha huo mkono wa kulia.

Mzee alikata kijiti cha mti wa kahawa, urefu wa dhiraa, nikakishika kwa vidole gumba vyote viwili, kimekaa mlalo juu ya hatamu. Kushoto kijiti kilikaa sawa. Tulipogeuka kulia, ncha ya kulia ilirudi nyuma kuelekea tumboni mwangu upana wa vidole vitatu, na sikuwa nimehisi chochote. Ningeapa mikono yangu inalingana. Basi katika zile punje sita, ngapi zilikuwa za jino na ngapi zilikuwa zangu? Inawezekana mkono ulijifunza kuvuta kwa sababu farasi alikuwa akikataa. Inawezekana pia ulikuwa unavuta tangu zamani, na kijino kilikutana na mkono mbaya. Mwalimu anaona la pili. Mzee anasema jino ni jino. Mimi nilipanda na kijiti kila asubuhi kwa wiki saba.

Mashindano ya pili yalikuwa miezi minne baada ya ya kwanza, mpangilio ule ule, jaji mwingine. Safari hii karatasi niliisoma nikiwa bado nimevaa kofia, nikaanza na vile vinne. Kushoto: 6.5, 6.5, 6, 6.5. Kulia: 6, 6, 5.5, 6. Punje 25 na nusu kwa 23 na nusu. Pengo limebaki mbili. Jumla 145 kati ya 230, yaani asilimia 63.04, alama 21 zaidi ya mara ya kwanza. Sikukosea njia, hizo ni 2. Kulia kuliongeza 5, kushoto 1. Zile 13 zilizobaki sikuzitarajia. Nne zilitoka kwenye kutembea na hatamu ndefu, kipengele kinachozidishwa mara mbili, ambapo Shaba alipata 7 badala ya 5 kwa sababu aliishusha shingo hadi pua ikakaribia mchanga. Tatu zilitoka kwenye utii, 6.5 badala ya 5, nao huzidishwa vile vile. Nyingine zilitapakaa huku na huku.

Kwenye X tulipata 5. Kaloli alikuwa juu ya ukuta, Shaba akasimama akimkodolea macho, mguu mmoja wa nyuma ameuacha kwenye kata nyingine kabisa. Chini ya ukurasa jaji aliandika kwamba mpandaji auangalie mkono wake wa kulia. Mzee alitaka kujua yameandikwa nini hapo. Nikamsomea. Akacheka, akafungua kibiriti anachokiweka kwenye dirisha la banda, ndani yake mna kile kijino, akakifunga tena.